Rekodi ya Kimaadili ya Ukristo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mjadala huu una njia yake iliyozoeleka. Mmoja anataja Vita vya Msalaba, mwenzake anajibu kwa hospitali na shule, wa tatu anamtaja Stalin, na kila mtu anaondoka na hasira aliyokuja nayo. Majibu yaliyo hapa chini si ya kumtetea mtu wala kumsuta mtu. Ni ya msomaji anayetaka kujua nini hasa kilitokea, na namna ya kukipima bila kujidanganya.

Dini inaweza kuhukumiwa, au wanaohukumiwa ni watu?

Panga hushikwa na mtu, dini haina mikono. Lakini mtu huyo ana mafundisho aliyolelewa nayo na ana taasisi iliyo nyuma yake, na hivyo viwili vinahojiwa bila shida. Tuulize tu: mtendaji mwenyewe alisema anatenda kwa sababu gani? Na kanisa lake lilimtunza au lilimwadhibu?

Chukua mfano. Mwaka 1452 Papa Nikolao V alimwandikia Mfalme Afonso V wa Ureno waraka unaomruhusu kuwavamia Waislamu na wapagani, kutwaa mali zao, na kuwatia utumwani milele. Mwaka 1455 ukafuata mwingine wa kuthibitisha haki za Ureno kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Hizo ni hati zenye muhuri, zilizotoka ofisi ya juu kabisa. Mbele yake huwezi kusema ni baharia mmoja tu aliyepotoka.

Waliofanya maovu hawakuwa Wakristo wa kweli. Mbona mnawahesabu?

Kwa sababu hukumu hiyo hutolewa baada ya tendo. Siku ya ubatizo, siku ya kuapishwa, siku ya kubarikiwa silaha, hakuna aliyesema mtu huyu si wa kweli. Na ukianza kufuta majina ya wauaji kwa sababu wameua, huku ukiacha ya waliojenga hospitali kwa sababu wamejenga, umeshaandika matokeo kabla ya mtihani. Hapa Mkristo ni yule aliyejiita hivyo, na kanisa la wakati wake likamtambua hivyo. Theolojia inaweza kuwa na kipimo kingine, na ni haki yake. Historia haina jicho la kuona mioyo.

Je, ni haki kuwahukumu watu wa karne ya 8 au ya 16 kwa vipimo vya leo?

Si haki, na wala hakuna haja, kwa kuwa watu wa wakati wao wameshawahukumu.

Mwaka 782 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, aliwaua Wasaksoni 4,500 kwa siku moja huko Verden, kwa mujibu wa kumbukumbu za watu wake mwenyewe, kisha akaweka sheria ya kifo kwa Msaksoni atakayekataa ubatizo. Alcuin, msomi wa makao yake ya kifalme, aliandika miaka ya 790 akilaumu: imani ni jambo la hiari, mtu anaweza kusukumwa kwenye maji ya ubatizo lakini hawezi kusukumwa kuamini. Mwaka 1553 Michael Servetus alichomwa moto Geneva kwa kuukana Utatu. Sebastian Castellio, Mprotestanti, akamjibu Calvin, kiongozi wa kanisa la Geneva aliyeitetea hukumu hiyo: kumuua mtu si kutetea fundisho, ni kumuua mtu. Mwaka 1631 Friedrich Spee, padri Mjesuiti, alitoa kitabu bila jina lake kuonyesha kwamba mateso ndiyo yanayozaa wachawi, kwani yeyote akiteswa vya kutosha atakiri.

Watu hawa walisoma Biblia ileile, waliishi miji ileile, na hawakuwa na haki za binadamu za Umoja wa Mataifa wala elimu yetu. Wakaona. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote: tafuta aliyesema hapana siku ileile, kisha angalia kanisa lilimfanyaje. Kama hakuna aliyeona, uwe mpole. Kama aliyeona alinyamazishwa, kisingizio cha nyakati hakipo tena.

Mwanzoni Wakristo walileta kitu gani ambacho hakikuwepo?

Kuna barua ya mafunjo iliyofukuliwa Oxyrhynchus, Misri, ya mwaka 1 kabla ya Kristo. Kibarua mmoja, Hilarion, yuko Aleksandria, anamwandikia mkewe Alis aliye mjamzito. Anamwambia asiwe na wasiwasi, anamsihi amtunze mtoto waliye naye, anaahidi kutuma pesa akilipwa. Katikati ya maneno hayo ya upole anaandika: ukijifungua, akiwa wa kiume mwache aishi, akiwa wa kike mtupe. Hana hasira wala aibu. Ni agizo la nyumbani, kama mtu anayesema ufunge mlango.

Wayahudi walikataa desturi hiyo, na Wakristo wakauchukua msimamo huo kwao na kuueneza hadi ukawa sheria ya dola: mwaka 374 kumuua mtoto mchanga kulifanywa kosa la kifo. Kisha kuna wagonjwa na maskini. Basili wa Kaisaria, baada ya njaa iliyoikumba Kapadokia karibu mwaka 369, alijenga nje ya mji wake makazi ya wagonjwa, wakoma na wasafiri, yenye waganga na wahudumu. Wagiriki na Warumi walikuwa na waganga hodari, na jeshi la Roma lilikuwa na hospitali zake. Nyumba ya kumtibu maskini asiye askari wala mtumwa wa mtu ndiyo iliyokuwa ngeni.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwa adui. Kaizari Juliani, aliyeuacha Ukristo na kutaka kuirudisha miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia mwaka 362 akilalamika kwamba ni aibu: hao Wagalilaya wasio na Mungu wanawalisha maskini wao na wetu pia. Mtu hampambi mpinzani wake katika barua ya kikazi.

Mambo yalianza kuharibika lini?

Jibu la haraka ni pale kanisa lilipopata dola. Mwaka 313 mateso yalikoma, mwaka 380 imani ya Nikea ikawa dini ya dola, na mwaka 385 Priscillian, askofu kutoka Hispania, alikatwa kichwa Trier baada ya maaskofu wenzake kumshitaki kwa kaizari. Miaka 72 tu kutoka kuteswa hadi kutesa. Lakini tazama tena: Martin wa Tours alikuwa amekwenda Trier kumsihi kaizari asimwage damu, na baadaye yeye na Ambrosi wa Milano wakakataa kushirikiana na maaskofu walioshitaki. Hapana ilisemwa tangu mzushi wa kwanza kuuawa.

Sipendi hata hivyo simulizi la kanisa safi lililochafuliwa na Konstantino, kaizari aliyekomesha mateso ya Wakristo. Maneno makali dhidi ya Wayahudi yalikuwepo kabla yake. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuyatekeleza.

Vita vya Msalaba vilikuwa vya kujihami au uvamizi?

Inategemea unasimama wapi kwenye ramani. Kaizari wa Constantinople aliomba msaada dhidi ya Waturuki waliokuwa wamechukua sehemu kubwa ya Anatolia, na hilo ni kweli. Kilichotokea baada ya hotuba ya Papa Urbano II kule Clermont, Novemba 1095, kilikwenda mbali na ombi hilo. Waliochinjwa kwanza, majira ya kuchipua ya mwaka 1096, walikuwa Wayahudi wa miji ya mto Rhine, Worms na Mainz, watu wasiokuwa na jeshi wala mpaka. Julai 1099 Yerusalemu ilipotekwa, Waislamu na Wayahudi waliuawa kwa wingi ndani ya mji. Mwaka 1204 msafara mwingine uliuteka na kuupora mji wa Constantinople, yaani Wakristo wenzao, wale wale ambao baba zao walikuwa wameomba msaada.

Kuna sura mbili hapo ambazo hazitajwi sana. Askofu wa Speyer aliwaficha Wayahudi wa mji wake na kuwaadhibu baadhi ya wauaji. Na mwaka 1146 Bernard wa Clairvaux, mhubiri mkuu wa msafara wa pili, alisafiri hadi Ujerumani kumnyamazisha mtawa aliyekuwa akichochea watu wawaue Wayahudi. Efraim wa Bonn, mwandishi Myahudi aliyekuwa mtoto wakati huo, alimsifu kwa jina. Mtu yuleyule alikuwa akiwatuma maelfu kwenda kuua na kufa mashariki.

Tusidhani pia kwamba Ukristo na Uislamu vilikutana kwa upanga tu. Mapokeo ya Kiislamu yenyewe yanasimulia kwamba karibu mwaka 615, wafuasi wa Mtume Muhammad walipoteswa Makka, walikimbilia Aksum, huko Uhabeshi, na Najashi, mfalme Mkristo, akakataa kuwarudisha kwa waliowafuata na zawadi mkononi.

Ni kweli Inkwizisheni iliua mamilioni?

Hapana. Inkwizisheni ya Hispania, yaani mahakama ya kuwasaka wazushi, iliyoanza mwaka 1478 na kufutwa mwaka 1834, ilihukumu kifo watu wanaokadiriwa na wanahistoria wa leo kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Makumi ya maelfu wengine walifilisiwa, waliteswa, waliaibishwa hadharani au kufungwa. Idadi kuwa ndogo haiwi utetezi wa mahakama iliyomwadhibu mtu kwa kuwasha mishumaa ya Sabato nyumbani kwake.

Wachawi nao wana hesabu zilizotiwa chumvi. Waliouawa Ulaya, hasa kati ya 1450 na 1750, wanakadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000, wengi wao wanawake. Ile milioni tisa unayoisikia haina msingi. Wengi walihukumiwa na mahakama za serikali, za Kikatoliki na za Kiprotestanti sawasawa. Na hapa historia inafanya mzaha: miongoni mwa waliozima moto huo ni afisa wa Inkwizisheni. Baada ya watu kuchomwa Logroño mwaka 1610, Alonso de Salazar Frías alitumwa kuzunguka vijiji vya Wabaski. Akarudi na maungamo ya watu karibu 1,800, wengi wao watoto. Aliyapima moja moja, akaleta mashahidi, akajaribu hata zile dawa zilizosemekana kuwa za uchawi. Hitimisho lake: hapakuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kuwazungumzia na kuwaandika. Mwaka 1614 wakubwa wake Madrid wakakubali. Ujerumani watu waliendelea kuchomwa kwa miongo mingi baada ya hapo.

Biblia inaunga mkono utumwa au inaupinga?

Imetumika kwa yote mawili, kila upande ukiwa na aya. "Enyi watumwa, watiini mabwana zenu" iko Waefeso. "Hapana mtumwa wala huru" iko Wagalatia. Na kwa muda mrefu wa historia hiyo, aya ya kwanza ndiyo iliyosomwa kwa sauti.

Jambo hili linahitaji kukaa nalo kidogo.

Karibu mwaka 380 Gregori wa Nisa, mdogo wake Basili tuliyemtaja, alihubiri juu ya maneno ya Mhubiri, "nikanunua watumwa". Akauliza umelipa bei gani kwa mfano wa Mungu, na ni nani mwenye mamlaka ya kuuza. Ni nadra kupata katika ulimwengu wa kale mtu aliyeukataa utumwa wenyewe, si ukatili wake tu. Hakuna aliyemwadhibu. Walimsifu kwa mengine, hilo wakaliacha lipite.

Desemba 1511, Santo Domingo, Jumapili ya nne ya Majilio, mtawa Mdominiko Antonio de Montesinos alipanda mimbari mbele ya wakuu wa koloni la Hispania, walioishi kwa jasho la wenyeji wa kisiwa. Aliwauliza: hawa si watu? Hawana roho zenye akili? Hamkuamriwa kuwapenda kama nafsi zenu? Wakubwa wakamwendea mkuu wa nyumba ya watawa kudai mhubiri afute maneno yake Jumapili inayofuata. Kanisa likafurika watu waje kusikia akijikana. Akarudia yaleyale, kwa ukali zaidi.

Tunayajua hayo kwa maandishi ya Bartolomé de las Casas, ambaye wakati ule alikuwa naye anamiliki wenyeji wa kumfanyia kazi. Miaka michache baadaye aliwaachia na kuwatetea maisha yake yote. Lakini katika kuwatetea alipendekeza waletwe watumwa kutoka Afrika badala yao. Uzeeni aliandika kwamba alijuta, kwa kuwa Waafrika walikamatwa kwa dhulma ileile. Mara nyingi nikisikia Las Casas akitajwa, upande mmoja husimulia nusu ya kwanza na wa pili husimulia nusu ya mwisho.

Sasa Barbados. Mwaka 1710 bwana Christopher Codrington alifariki, akaliachia mashamba yake ya miwa shirika la Kianglikana la kueneza Injili. Shirika likawa mmiliki wa mamia ya watu. Waafrika waliofika wakapigwa chapa ya chuma cha moto kifuani: SOCIETY, yaani Shirika. Wamisionari waliwafundisha Mungu ni Baba, na neno lililochomwa kifuani likawaambia ni mali ya nani. Utumwa ulipokomeshwa kwenye makoloni ya Uingereza kwa sheria ya 1833, serikali ilitoa fidia ya pauni milioni 20. Walilipwa wamiliki. Shirika lilipata pauni 8,823. Waliochomwa kifua hawakupata kitu.

Basi si Wakristo ndio waliokomesha utumwa?

Walikuwemo pande zote mbili, mara nyingi katika kanisa moja.

Mwaka 1688 wanaume wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika kwa wenzao wa dhehebu la Wakweka kwamba kununua watu si tofauti na kununua mali ya wizi, na wakauliza kama wao wenyewe wangependa kutendewa hivyo. Kikao cha kwanza kilisema jambo ni zito mno, kikalipeleka juu. Cha pili vilevile. Cha tatu kikaliweka pembeni. Miaka 50 baadaye, 1738, Benjamin Lay, mtu mfupi mwenye kibyongo aliyekataa kuvaa au kula chochote kilichotokana na jasho la mtumwa, aliingia kwenye mkutano wa Wakweka huko Burlington amevaa koti juu ya mavazi ya kijeshi. Mkononi alikuwa na kitabu kilichochimbwa ndani, na humo amefichwa kibofu cha maji mekundu ya matunda pori. Akalitupa koti, akakichoma kitabu upanga, rangi ikawarukia waliokaa karibu. Hivyo ndivyo Mungu atakavyomwaga damu ya wanaowatumikisha wenzao, alisema. Walimtoa nje, na uanachama wakamnyima. Mwaka 1776 Wakweka wa Philadelphia hatimaye walipiga marufuku mwanachama kumiliki mtumwa. Kutoka barua ile ya Germantown ni miaka 88, na hao ndio waliokuwa wepesi kuliko wengine.

Mwaka 1787 kamati ya kupinga biashara ya watumwa iliundwa London, wajumbe 12, tisa kati yao Wakweka. Mbunge William Wilberforce aliibeba hoja bungeni mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku 1807. Mwaka huohuo, mjini humohumo, ilichapwa Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi, na safari ya Waisraeli kutoka Misri ilikuwa imekatwa. Kwangu hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa nguvu ya maandiko: wachapaji walijua hasa kurasa zipi ni za hatari.

Kwa bahati mbaya yao, watu walikuwa wameshazisikia. Desemba 1831 Samuel Sharpe, shemasi wa Kibaptisti na mtumwa, aliongoza mgomo Jamaika uliogeuka uasi mkubwa. Walionyongwa na kupigwa risasi kwa hukumu walizidi 300, naye akanyongwa Mei 1832. Sheria ya kukomesha utumwa ilipita mwaka uliofuata. Ukitaja Wakristo waliokomesha utumwa, anza na huyu.

Marekani, Wabaptisti wa Kusini walijitenga mwaka 1845 kwa sababu walitaka wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamisionari. Waliomba radhi mwaka 1995.

Wamisionari walikuwa vibaraka wa wakoloni?

Wengine walikuwa, tena kwa moyo. Katika Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji misheni kadhaa za Kikatoliki zilipokea watoto walioletwa na askari wa dola. Na katika Kongo hiyohiyo, Septemba 1899, William Sheppard, mmisionari Mpresibiteri, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia, aliingia kwenye kambi ya wapiganaji waliotumwa kudai kodi kwa niaba ya dola. Aliona jukwaa la vijiti juu ya moto wa polepole. Juu yake mikono ya kuume ya watu inakaushwa ili iwe ushahidi wa kazi iliyofanyika. Akaihesabu. Ilikuwa 81.

Aliandika ripoti. Baadaye makala yake kuhusu ukatili wa kampuni ya mpira ya Kasai ilimfikisha mahakamani Leopoldville mwaka 1909. Aliachiwa. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alikuwa amempiga picha mwaka 1904 baba aitwaye Nsala, ameketi barazani akiutazama mkono na mguu wa binti yake. Picha hizo zilizungushwa makanisani Uingereza na Marekani, na zilichangia kumnyang'anya Leopold Kongo mwaka 1908. Bila wamisionari, wengi huko nje wasingejua. Lakini Kongo haikurudishwa kwa wenyewe. Ilikabidhiwa Ubelgiji, na misheni zikaendelea na kazi zake.

Ukristo una lawama gani katika mauaji ya Wayahudi?

Unazi haukuwa dini ya kanisa, na ubaguzi wake ulikuwa wa damu, kwani Myahudi aliyebatizwa hakupona. Ila shamba lilikuwa limelimwa kwa karne nyingi. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika kwamba masinagogi yachomwe, nyumba za Wayahudi zibomolewe, vitabu vyao vya sala vichukuliwe. Usiku wa 9 Novemba 1938 masinagogi yaliteketea Ujerumani nzima. Martin Sasse, askofu Mlutheri wa Thuringia, alitoa kijitabu cha maneno hayo ya Luther na kushangilia kwamba masinagogi yanaungua siku ya kuzaliwa kwa Luther, tarehe 10.

Wakati huohuo, Berlin, padri Bernhard Lichtenberg wa kanisa kuu la Mtakatifu Hedwig alianza kuwaombea Wayahudi hadharani kila jioni. Alikamatwa 1941 na akafa 1943 akiwa njiani kupelekwa Dachau. Kanisa Katoliki lilikana rasmi mwaka 1965 kwamba Wayahudi wote wana hatia ya kifo cha Yesu. Walutheri nao wameyakana maandishi yale.

Na Rwanda?

Karibu watu 9 kati ya 10 walikuwa wamebatizwa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Watutsi, waliokimbilia makanisani, kama wazee wao walivyofanya miaka ya nyuma wakapona, waliuawa humo: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Huko Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya waliokuwa ndani, na mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu padri wa parokia, Athanase Seromba, kifungo cha maisha kwa rufaa ya 2008. Mchungaji Msabato, Elizaphan Ntakirutimana, naye alihukumiwa. Félicité Niyitegeka, mlei aliyejitoa kwa utumishi wa kanisa Gisenyi, aliwaficha watu na kuwavusha mpaka. Kaka yake alikuwa afisa wa jeshi na alitaka kumwokoa. Alikataa kuwaacha aliowaficha, akauawa nao.

Papa Fransisko aliomba msamaha mwaka 2017. Sina cha kuongeza kwenye swali hili. Kila maelezo ninayojaribu kuyaandika yanaonekana madogo kuliko mlango wa kanisa la Ntarama.

Vipi kuhusu watoto waliodhulumiwa na mapadri na wachungaji?

Hapa kisingizio cha nyakati hakina hata pa kukaa, kwa maana ni jana. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2004 ulipata mapadri 4,392 walioshutumiwa kati ya 1950 na 2002. Tume huru ya Ufaransa mwaka 2021 ilikadiria waathirika 216,000 wa makasisi na watawa tangu 1950. Wabaptisti wa Kusini walikumbwa na ripoti yao mwaka 2022, kwa hiyo suala si useja. Kilichowachukiza watu kuliko yote ni uhamisho: padri anatolewa parokia hii anapelekwa ile, na wazazi wa kule hawaambiwi neno.

Wasioamini Mungu hawajaua wengi zaidi?

Stalin na Mao waliua kwa mamilioni, na Wakristo walikuwa miongoni mwa waliouawa. Hilo linathibitisha kwamba mtu anaweza kuua bila dini. Halimpunguzii mtu deni lake. Mtuhumiwa aliyejibu mahakamani kwamba jirani ameiba zaidi asingefika mbali.

Mema yakiwekwa upande mmoja na maovu upande mwingine, nini kinazidi?

Naelewa hamu ya swali, ila nadhani mizani ndiyo yenye kasoro. Hospitali ya Kaisaria na chapa ya Barbados haviuzwi kwa sarafu moja. Aliyetibiwa bure hakupewa haki ya kumsamehe mtu kwa niaba ya aliyechomwa kifua. Daftari la madeni lina majina, na kila jina husimama peke yake. Isitoshe, hatuna dunia ya pili isiyokuwa na Ukristo ya kulinganishia.

Kuomba radhi kunatosha?

Machi 2000 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha wa jumla kwa dhambi za wana wa Kanisa. Julai 2022 Papa Fransisko alikwenda Maskwacis, Kanada, kuomba radhi kwa shule za bweni zilizowatenga watoto wa wenyeji na lugha zao, watoto wapatao 150,000, nyingi zikiendeshwa na makanisa. Siku hizi wengine wameanza kutaja fedha: Kanisa la Uingereza lilitangaza pauni milioni 100 mwaka 2023 kwa sababu ya uhusiano wa mfuko wake na biashara ya watumwa.

Kisa kinachonirudia ni cha Wajesuiti wa Maryland. Mwaka 1838 waliuza watu 272 kwenda Louisiana kwa dola 115,000, na sehemu ya pesa ikaokoa chuo chao cha Georgetown kilichozama kwenye madeni. Wakubwa wa Roma walikubali kwa masharti: familia zisitenganishwe, dini yao itunzwe, fedha zisilipe madeni. Masharti hayakufuatwa. Lakini kabla ya kuwauza, mapadri waliandika orodha kwa uangalifu wa watu wa hesabu, kila mtu na jina lake na umri wake. Ni orodha hiyo, iliyoandikwa ili biashara isiwe na utata, ambayo imewawezesha wajukuu na vitukuu kuwapata wazee wao. Mwaka 2021 Wajesuiti wa Marekani waliahidi dola milioni 100 kwa ajili ya wazao hao. Jengo la chuo lililokuwa na jina la padri Thomas Mulledy, aliyepanga mauzo, tangu 2017 linaitwa Isaac Hawkins. Ndilo jina la kwanza kwenye orodha. Alikuwa na miaka 65.